Nimelipa injinia laki mbili na nusu aje aangalie nyufa tu. Riviu baada ya miezi kumi

Wadau habari zenu. Kila nikimwambia mtu kwamba nimelipa laki mbili na nusu injinia aje kuangalia nyufa za nyumba, sio kuziba, kuangalia tu, ananitazama kama mtu aliyeuziwa kiwanja hewa. Shemeji yangu alicheka mpaka akashika ukuta, tena ukuta wenyewe ndo ule wenye ufa. Sasa miezi kumi imepita naona niandike riviu ya kueleweka, maana wakati mimi nahangaika sikukuta mtu aliyeeleza hii huduma ikoje, unakuta matangazo ya dawa za kuziba tu na video za fundi anapaka kitu cheupe huku muziki unapiga.

Nampa nyota 4 kati ya 5. Ile moja niliyokata sababu zake zipo huko mbele.

Nipo Kibaha, kutoka Dar ni kilomita kama 40 kwa barabara ya Morogoro. Nyumba ya chini ya kawaida, vyumba vitatu, tofali za bloku za inchi 6, tumehamia 2019. Wenyeji wa huku wanajua sehemu nyingi za Kibaha udongo ni mfinyanzi, mvua ikinyesha unanata mpaka kiatu kinabaki nyuma na mguu unaondoka, kiangazi unapasuka mipasuko unaweza kuingiza vidole. Mimi hayo niliyaona kabisa siku ya kwenda kuona kiwanja nikasema aah poa, bustani itakubali. Mtu mwenye hamu ya kiwanja haoni kitu.

Ufa wa kwanza niliuona 2022, chumba cha watoto, kile cha kona. Unaanzia kona ya chini ya dirisha unapanda kuelekea kona ya nyumba, haupandi wima, unakwenda kwa ngazi unafuata viungo vya tofali, tofali moja pembeni, moja juu, hivyo hivyo mpaka chini ya lenta. Nikamuuliza mzee wa jirani akaniambia usihangaike kijana wangu, nyumba hiyo inakaa, yaani inajishusha kidogo kwenye udongo, kila nyumba lazima ikae. Nikaridhika, maana ndo jibu nililokuwa nalitaka.

2023 nikaita fundi. Akagonga gonga ukuta na mpini wa nyundo akasema bosi hii ni plasta tu, hapa tunapasua, tunajaza, tunapiga rangi, umesahau. Laki na themanini na vifaa juu yangu. Akajaza mota ya saruji kali kweli kweli, ukigonga inalia kama chuma. Mvua zile za El Niño zikaja, mwisho wa 2023 mpaka huku masika ya 2024, mvua ambazo hazijui kupumzika, na ukuta ukatulia tuli, nikamsifia fundi mpaka nikampa kazi kwa jirani. Kiangazi kilipoingia, mwezi wa saba hivi, ufa ukarudi palepale, tena safari hii pembeni ya ile mota yake, mota imebaki nzima ukuta ndo umeachana nayo.

Fundi wa pili akaja na silikoni ya kwenye bunduki, akasema hii inavutika kama mpira. Ni kweli inavutika, ila hakuniambia kwamba rangi haishiki kwenye silikoni, kwa hiyo nikapata mstari unaong'aa kama konokono amepita ukutani, rangi kila ukipaka inajikunyata inabanduka. Laki mbili na arobaini hizo. Ukijumlisha wote wawili nimeshalipa zaidi ya pesa ya injinia na sijaambiwa hata na mmoja ufa unatoka wapi. Nao wala sikuwauliza, kusema ukweli. Niliwaita kuziba wakaziba.

Kilichonitisha ni lile ghorofa la Kariakoo lililoporomoka Novemba 2024. Tuliangalia kwenye tivii wote sebuleni, watoto wakaenda kulala, mama watoto akaniuliza kwa sauti ya chini, baba fulani, ule ufa wa chumbani kwao una uhakika nao? Sikuwa na jibu. Usiku ule watoto tuliwahamishia chumbani kwetu, godoro chini, wakalala huko wiki saba.

Kumpata injinia nilipewa namba na mtu wa kazini. Kabla sijatuma hata shilingi nikaangalia jina lake kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ipo mtandaoni, dakika mbili tu, akawemo. Hilo fanyeni jamani, kwa sababu huku mtaani kila aliyevaa helmeti ni injinia. Bei yake laki mbili na nusu, nauli elfu thelathini, na akasema nitafute kijana mwenye sululu wa kuchimba shimo, huyo nilimpa elfu kumi na tano. Jina la injinia siweki, mtasema natangaza biashara.

Tulikubaliana Alhamisi, akaja Jumamosi. Meseji ya samahani ilikuja Ijumaa. Kipande cha kwanza cha ile nyota hicho.

Ila alipofika. Kwanza hakwenda kwenye ufa. Mimi nimemshika mkono kabisa nampeleka chumbani akasema ngoja kaka, tuzunguke nje kwanza. Akazunguka nyumba mara mbili ameinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha funguo. Akauliza maji ya bati yanadondokea wapi, karo liko wapi, bomba la bafuni linatokea upande gani, ule mwarobaini ulikuwepo kabla ya nyumba au mmeupanda nyie, hii veranda imejengwa pamoja na nyumba au baadaye. Maswali kama ya daktari wa watoto. Nikasema moyoni huyu mtu nimemlipa aone ufa yeye ananiuliza habari za maji ya bafuni.

Baadaye ndo ndani. Ana rula ndogo ya plastiki ya uwazi yenye mistari ya unene tofauti, anaiweka juu ya ufa analinganisha, halafu anaandika na penseli hapohapo ukutani, kamstari kadogo, tarehe, na namba. Kwa wa chumba cha watoto akaandika 4. Yaani milimita 4. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia nyumba ivunjwe.

Hapo akanieleza kwamba Uingereza taasisi yao ya utafiti wa majengo, BRE, ina jedwali la ukubwa wa nyufa ambalo mainjinia wengi wanalitumia, na kwa kifupi ni hivi: chini ya milimita 1 ni kazi ya fundi rangi, hadi 5 unaziba na unafuatilia, milango inaweza kukwama kidogo, kuanzia 5 mpaka 15 ukuta unafunguliwa na tofali zingine zinabadilishwa, 15 mpaka 25 vipande vya ukuta vinajengwa upya, ukizidi 25 hapo ndo unazungumzia usalama wa nyumba yenyewe. Lakini akasema, na hapa aliongea taratibu kabisa, upana peke yake hautoshi. Cha muhimu ni ufa uko hai au umelala. Wa milimita 6 ambao haujasogea miaka kumi hauumizi kichwa kama wa milimita 2 ambao mwezi uliopita ulikuwa nusu.

Hiyo ya hai na kulala ndo mimi naona nimelipia.

Kumbe nyumba yangu ina nyufa za aina tatu na mimi nilikuwa naziita zote ufa. Za sebuleni, zile nyembamba kama utando, zimejichora kama tope lililokaukia kwenye dimbwi, akazipitisha kucha juu akacheka. Hizo ni plasta. Plasta ilikauka haraka, mchanga ulikuwa na vumbi la udongo, saruji ilizidi, na fundi hakumwagilia. Akauliza mlimwagilia siku ngapi? Nikakumbuka, fundi alipiga plasta Jumamosi, Jumapili kapumzika, Jumatatu yuko saiti nyingine, na mwezi wa kwanza ule jua la Kibaha lilivyo. Akasema plasta inataka maji walau siku saba, hizi paka puti piga rangi zisikunyime usingizi. Namna ya kuzijua, ufa wa plasta ndani hauna mwenzake nje. Ukizunguka upande wa pili wa ukuta uleule ukakuta ufa sehemu ileile, hapo sio plasta tena.

Ya pili ni pale veranda inapokutana na nyumba, mstari ulionyooka wima kama umepigwa na timazi. Veranda nimeongeza 2021, msingi wake mfupi, tofali zimegusishwa tu na ukuta wa zamani. Nyumba imeshakaa miaka, veranda ndo inaanza kukaa, lazima ziachane. Akasema ukijaza saruji pale utakuwa unajaza kila mwaka, hapo acha nafasi, tia kitu kinachovutika kinachokubali rangi, weka kipande cha mbao au aluminiamu juu yake, basi. Kumbe silikoni ya fundi wa pili haikuwa wazo baya, ilikuwa wazo zuri kwenye ufa usio wake. Na akaongeza kwamba nyufa wima kama hizo ziko pia pale nguzo ya zege inapokutana na tofali, vitu viwili vinavyotanuka na kusinyaa kila kimoja kivyake, ndo maana mafundi wanaojua wanapigilia wavu wa kuku pale kwenye kiungo kabla ya plasta. Wavu wa kuku mita moja bei gani? Mimi kwangu haukuwekwa popote.

Ya tatu ni ule wa watoto. Akasema tazama, juu mpana kuliko chini. Hiyo kona ya nyumba inashuka na kujikunja kwenda nje. Na umeishia chini ya lenta kwa sababu lenta ina nondo, inashikilia. Akamwambia yule kijana achimbe shimo nje pale kona, shimo la upana wa jembe mbili hivi, likashuka mpaka chini ya msingi. Msingi wetu umekwenda chini sentimita 60 tu, umekaa juu ya mfinyanzi moja kwa moja, hamna nondo hamna nini. Nilikuwepo siku unajengwa huo msingi. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli nakunywa soda.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo palinifungua. Akachukua donge la udongo kutoka chini ya shimo akalilowesha mkononi, akaliviringisha kama anafinyanga tambi, likawa tambi ndefu nyembamba isiyokatika. Akasema mchanga huwezi kuufanya hivi. Akaondoka na mfuko wa udongo, na kesho yake akanitumia video. Ameukausha, ameuchekecha, amemimina ujazo wa 10 kwenye ile chupa ndefu ya maabara yenye mistari iliyojaa maji, ameuacha usiku kucha. Asubuhi ule udongo umefika mstari wa 18. Haujaongezwa kitu, umekunywa maji umevimba. Hiyo ni asilimia 80, na akasema wakikuta chini ya 50 huwa hawana presha sana, ikifika 100 wanaanza kushika vichwa. Wangu uko katikati unaelekea kubaya. Mimi ile video nimeitazama labda mara ishirini. Nyumba yangu ya mamilioni imekaa juu ya kitu kinachofanya kama andazi.

Kwa hiyo kinachotokea ni hiki, nawaelezea kama nilivyokielewa. Udongo ukilowa unavimba unanyanyua, ukikauka unasinyaa unaachia. Kama chini ya nyumba nzima unavimba sawasawa na kusinyaa sawasawa nyumba ingepanda na kushuka kama boti, isingepasuka. Tatizo ni pale upande mmoja unalowa na mwingine unakauka. Na mimi nilikuwa nimefanya kila kitu kuhakikisha inakuwa hivyo. Upande wa bafuni bomba la maji machafu lilikuwa limeachana kwenye kiungo, miaka sijui mingapi linamwagia chini ya msingi, pale udongo umelowa kiangazi na masika, umeinuka. Upande wa pili, kona ya watoto, kuna mwarobaini mita tatu kutoka ukutani na wenyewe kiangazi unafyonza kila tone. Huku kunanyanyuliwa, kule kunashushwa, nyumba katikati inapinda, na tofali la bloku halijui kupinda. Linapasukia kwenye kona ya dirisha kwa sababu pale ndo ukuta una tundu, ndo padhaifu.

Na kitu ambacho sikukitegemea kabisa, nyumba za chini kama zangu ndo zinaumia zaidi na huu udongo kuliko zile nzito, kwa sababu ni nyepesi, udongo ukivimba unazibeba kirahisi. Mimi siku zote nilidhani ghorofa ndo la kuogopa.

Ile El Niño iliyonifanya nimsifie fundi wa kwanza kumbe yenyewe ndo ilikuwa imeziba ufa. Udongo ulilowa pande zote, kona ikanyanyuka, ufa ukajibana. Fundi wa watu alipata sifa ya mvua. Na ile mota yake ngumu iliyojazwa ndani ilikuwa kama kabari, ukuta unataka kujifunga unakuta kuna jiwe katikati.

Nikakumbuka na mlango. Mlango wa chumba cha watoto kila kiangazi ulikuwa unakwama kwenye fremu, nikaona ni mbao imepinda na joto, nikaupiga randa. Injinia akaniambia mlango ule ulikuwa unakupa taarifa bure, fremu ilikuwa inapindwa na ukuta. Mlango unaoanza kukwama na ufa ulioanza kukua vikitokea pamoja hiyo ni habari moja, sio mbili.

Basi ushauri wake. Mimi nilitegemea aseme vunja kona, mwaga zege jipya, nondo, milioni nane. Akasema ule ufa wa watoto usiuzibe. Laki mbili na nusu za kuambiwa usifanye kitu, hapo ndo shemeji alipoangukia kwa kicheko. Ila hakumaanisha nikae tu. Kwanza rekebisha bomba la bafuni, wiki hii. Pili weka gata nyumba nzima na maji ya bati yapelekwe mbali, yasidondokee mguuni pa ukuta. Tatu mwaga zege kuzunguka nyumba, upana wa mita moja, lenye mteremko wa kwenda nje, ili jua lisikaushe na mvua isiloweshe pale pembeni ya msingi, unyevu ukae vilevile mwaka mzima. Maua ya mama watoto yaliyopandwa ukutani na kumwagiliwa kila jioni yahame. Nne, mwarobaini.

Kwenye mwarobaini nilikuwa nimeshashika shoka kichwani. Akanizuia. Ule mti mmeukuta hapo, ni mzee kuliko nyumba, umekausha udongo huo miaka mingi, ukiukata leo maji yatarudi na udongo utaanza kuvimba, utapata ufa mwingine wa kwenda upande wa pili. Punguza matawi, kila mwaka kidogo. Mama watoto alifurahi kuliko mtu yeyote maana chini ya ule mwarobaini ndo jiko la mkaa la Jumapili lilipo.

Na tano, pima. Alinibandikia vipande viwili vya kioo chembamba kuvuka ufa, kimoja juu kimoja chini, kila kioo kimeshikwa na plasta huku na huku. Ukuta ukisogea kioo hakiwezi kuvutika, kinakatika, unajua. Na kila mwisho wa mwezi niweke rula niandike namba na tarehe ukutani kwa penseli. Akasema mwaka mzima, masika moja na kiangazi kimoja, ndo nikupigie hesabu ya kuushona. Kushona ni kukata mifereji kwa grinda kuvuka ufa kwenye viungo vya tofali, kila baada ya mistari kadhaa ya tofali, unalaza nondo nyembamba ndani unajaza mota isiyosinyaa. Ukifanya hivyo kwenye ufa ulio hai utaushona hapa utapasuka pale pembeni.

Ripoti ndo kipande kingine cha nyota niliyokata. PDF kurasa 11, Kiingereza kitupu, maneno kama ya hospitali, nimesoma mpaka ukurasa wa tatu nikafunga. Ilibidi nimpigie anieleze upya, na kwa haki yake alinitumia voisi sita WhatsApp za Kiswahili safi kabisa, zile voisi ndo ripoti yangu mimi. Sasa si angeandika hivyo tangu mwanzo? Mteja ni mtu wa Kibaha, sio benki. Pia hakuniambia shimo litachimbwa palipokuwa na mchicha, hilo nilijibu mimi peke yangu mbele ya mwenye mchicha.

Bomba nilirekebisha siku mbili baadaye, elfu arobaini na tano na fundi. Elfu arobaini na tano! Gata na zege la pembeni ndo viliuma, jumla kama milioni moja na kidogo, nimefanya kwa awamu Februari na Machi. Kabla hatujamwaga zege tulirudishia udongo tukaushindilia vizuri, injinia alikazia hapo, usimwage juu ya udongo uliojaa hewa.

Namba za ukutani zinasema hivi. Januari milimita 4. Mwisho wa Mei milimita 2 na nusu, masika imeubana kama kawaida yake. Kioo cha juu kilikatika mwezi wa nne, asubuhi nimeingia kufungua dirisha nikakuta kina mstari katikati kama unywele, nikampigia injinia kwa hofu akasema kaka hicho kioo kimefanya kazi yake, badilisha weka kingine uandike tarehe. Septemba, mwezi ambao miaka mingine sarafu ya mia ilikuwa inazama mle ndani mpaka naichokonoa na kisu, imekuja 3. Na mwezi huu 3 vilevile, kioo kipya kizima. Watoto wamerudi chumbani kwao tangu siku nne baada ya injinia kuondoka, maana alisema wazi kwamba ule ukuta hauanguki.

Nitoe na tahadhari moja, sio kila ufa ni wa kusubiri mwaka. Rafiki yangu yuko Kigamboni, baada ya kuona picha za kwangu akanitumia za kwake, ufa chini ya slabu ya baraza, umenyooka unafuata nondo, una doa la kutu la rangi ya chai limechuruzika. Nikampelekea injinia. Jibu lilikuja ndani ya dakika tano: asikae chini yake, aweke nguzo za mirunda leo, nitakwenda. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholika, inapasua zege kutoka ndani, na huko pwani wengine walijengewa kwa mchanga wenye chumvi. Ufa kwenye nguzo, kwenye bimu, kwenye slabu, au ukuta unaoonekana umevimba na kuegemea nje, usianze na penseli, anza na simu.

Kuhusu dawa za nyufa za madukani, nimejaribu mbili, ile ya unga ya kuchanganya na maji na ile ya kopo, elfu thelathini na tano kopo. Kwenye nyufa za sebuleni ya kopo imekaa vizuri mno, nimepaka na spachula, nimepiga msasa, rangi juu, huwezi kujua. Ya unga inasinyaa ikikauka, lazima urudie mara mbili. Kwenye ufa wa watoto sijapaka chochote, na muuza duka aliponiuliza ufa wako ukoje nikamuuliza wa plasta au wa tofali, akaniangalia.

Kwa hiyo ufa bado upo, mtu akija nyumbani anaona ukuta una mistari ya penseli na tarehe kama ukuta wa mahabusu anayehesabu siku. Kijana wangu wa darasa la nne ndo amechukua kazi ya kupima, anatumia rula yake ya shule, na akisahau mdogo wake anamsema. Mlango sasa hivi haukwami tena. Isipokuwa kwa vile niliupiga randa miaka ile wakati fremu imepinda, sasa fremu imenyooka mlango umebaki na mwanya juu wa kupitisha vidole viwili, mjusi anapita anavyotaka, na huo fundi wake bado natafuta.